Siku Wajumbe wa Bodi Walipokula Kaboni Zangu

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kulizika, ila kwa kuwa huku kwetu Daudi, Mbulu, kila mtu analijua na kila anayelisimulia anatia lake, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika. Ndiyo, mimi ndiye yule mwalimu niliyemwambia mzee wa watu, tena mwenyekiti wa bodi ya shule, ateme chakula mbele ya wanafunzi (na hapana, sikuwa nimelewa).

Nilikuwa nafundisha kemia kwa kujitolea kwenye shule moja huku kwetu, mwaka wa pili ule, na Ijumaa hiyo bodi ilikuwa inakuja kuamua kama nipewe mkataba au niage. Madam mkuu wa shule aliniita Alhamisi jioni akasema, "Mwalimu Safari, wazazi wanalalamika watoto wa kidato cha tatu hawaielewi hii kemia ya kaboni. Kesho ufundishe wajumbe wakiwepo. Wakielewa wao, mkataba unao." Basi toka hapo sikukaa chini, nikizunguka uani, naingia ndani, natoka, nasahau nilichofuata, narudi tena, mpaka mama akaniuliza kama nina minyoo.

Asubuhi mama kaondoka kwenda gulioni, nikapata wazo: viazi viwe atomu za kaboni, punje za vitunguu saumu ziwe haidrojeni, njiti za kiberiti ziwe vifungo vya kuzishikanisha. Wazo zuri, si ndiyo? Tatizo njiti zikawa zinavunjikia kwenye kiazi kibichi, na saa inakimbia, ndipo nikaamua kajambo kadogo tu, nivichemshe kidogo vilainike. Nikachota viazi stoo bila kumuuliza mtu, nikabandika sufuria, na (mkono una mazoea yake) nikatia chumvi.

Somo lilianza vizuri mpaka nikajishangaa. Nikachora ubaoni kaboni na elektroni zake sita, mbili ndani, nne nje, nikawaambia huyu nje anataka zifike nane, sasa atapata wapi? Hanyang'anyi. Anatoa moja, haidrojeni naye anatoa moja, wanapata jozi wanayoitumia wote wawili, na jozi hiyo ndiyo kifungo. Na kwa kuwa nje anazo nne, basi ni kama ana mikono minne ya kushikana na wenzake.

Mzee Gwandu, ndiye huyo mwenyekiti, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe ni kama kulima kwa ujirani. Wewe huna jozi, mimi sina jozi. Ng'ombe wako mmoja, wangu mmoja, tunafunga jembe, mashamba yote mawili yanalimwa."

"Hapo hapo mzee wangu!" nikapiga makofi. Yaani mkataba nilikuwa nauona kabisa.

Sasa ningeishia hapo si ningekuwa na akili? Nikamwambia Paskalina, binti mmoja wa kidato hicho, "Hebu wapelekee wazee, wazione molekuli kwa karibu." Paskalina ni mtoto aliyelelewa akaleleka. Akapanga methani ya kiazi kimoja, ethani ya viwili na propani ya vitatu kwenye sahani ya ofisini, akaishika kwa mikono miwili, akapiga goti, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba." Haya niambieni nyinyi, kwetu huku binti akikupigia goti na sahani ya viazi vya kuchemsha mikononi, wewe mzee utaitazama? Mzee Gwandu akaomba maji, akanawa, akachomoa haidrojeni moja moja akazipanga pembeni, zote nne, halafu akala kaboni. Methani ikaisha hivyo. Akasogeza sahani kwa mjumbe wa pili, ethani ikaenda, na propani wakagawana wawili waliobaki, kiazi cha tatu akakichukua mwenyekiti.

Watoto waliuma mikono ya masweta. Madam mkuu alikuwa ananitolea macho, lakini nani anamwambia mzee aache alichokaribishwa? Nikajikaza, nikasema, "Kama mnavyoona, uh, vifungo vimevunjika," na hapo simu ikaita mfukoni. Mama. Nikapokea nimegeukia ubao.

"Safari! Nani kachukua viazi stoo? Si jana tu nimepaka dawa ya wadudu vile vya mbegu!"

Jamani. Sikusikiliza zaidi, nikakata simu, nikageuka, nikamwona Mzee Gwandu anatafuna bado, na mdomo wangu huu ukapiga kelele ambayo hata mpishi wa shule aliisikia jikoni kwake: "Tema! Mzee tema! Tema sasa hivi!" Tena nikaruka dawati, nikaukinga mkono wangu kidevuni pake kama anavyofanyiwa mtoto wa miezi minane.

Yule mzee akanitazama, akameza.

"Viazi vina sumu!" nikasema, na hapo ndipo wote waliposimama. Maziwa yakatafutwa, wazee wanne wakapakiwa kwenye pikapu ya jirani wa shule, mimi nyuma nimening'inia, mpaka zahanati. Nesi akaniuliza ni dawa gani, sijui, ilikuwa kiasi gani, sijui, akaniambia kwa hasira, "Basi mpigie aliyeipaka!" Nikampigia.

"Si ulinikatia simu!" mama akafoka. "Nilikuwa nakuuliza umechukua gunia gani, lililofungwa au lililo wazi?"

"Lililo wazi."

"Ah! Hivyo ni vya kula. Vya mbegu nimevifunga. Umekula vyote?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nesi alisema hata hivyo wakae wapumzishwe mpaka jioni, na wazee kujikuta wanne kwenye benchi moja, akidi imetimia, wakaona kikao wakifanyie hapo hapo. Mimi nje natembea, mlangoni, getini, mlangoni, mpaka mlinzi akaniambia nimuache alale.

Wakaniita. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha mpaka sauti ikakatika.

"Kemia tumeelewa," akasema Mzee Gwandu. "Kaboni mikono minne, hata usiku ukiniamsha nitakuambia. Na ungekuwa kweli na sumu, ungekuwa umetuokoa, hilo naliona. Lakini mtoto wa Mbulu kuweka mkono mdomoni kwa mzee, watoto wetu wameona nini leo? Mkataba ungoje mwaka mwingine. Endelea kujitolea."

Niliumia, sitawaficha, nililia njia nzima. Siku hizi atomu natengeneza kwa udongo, na hata udongo namuuliza mama kwanza, na simu ikiita nasikiliza mpaka anayepiga achoke mwenyewe. Lakini Mzee Gwandu hajaniacha. Nikikutana naye njiani nainama hadi chini, "Shikamoo mzee," anaitikia "Marahaba" vizuri tu, halafu anawakonyeza watu alio nao, ananiuliza kwa sauti, "Mwalimu, leo nimeruhusiwa kumeza?"