Mtoto Asiyefika Kwenye Jicho la Mbuta

Kazi yangu ilikuwa kuwakataza watoto. Nilisimama langoni pa mashine kubwa kuliko zote katika bustani ya burudani iliyojengwa ufuoni, nje kidogo ya Kisumu. Kando yangu palikuwa na ubao uliochorwa mbuta amesimama kwa mkia. Mtoto ambaye kichwa chake kilifika kwenye jicho la samaki huyo alipanda. Ambaye hakufika nilimwambia arudi akikua. Mashine yenyewe ilikuwa mkono mrefu wa chuma wenye viti kwenye ncha zake. Iliwapandisha watu juu kabisa, wakayaona magugu yanayoelea ziwani na boti za wavuvi, kisha ikawateremsha kwa kasi huku wakipiga mayowe.

Wapo watoto waliolia. Wapo waliosimama kwa vidole vya miguu wakidhani sioni, na wasichana waliotegemea fundo la nywele utosini. Mama zao walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewapunguza kimo. Nilidhani nimezoea. Lakini nyumbani, Nyamasaria, mume wangu alianza kuniuliza kwa nini situlii. Nilikuwa nainuka katikati ya chakula, naenda mlangoni, nachungulia nje, narudi. Nilimwambia ni miguu, imezoea kusimama kutwa. Haikuwa miguu.

Kilichonipa nafuu ni kona ya watoto. Ilikuwa karibu sana na lango langu: mtelezo mmoja, bembea mbili, matairi yaliyofukiwa nusu, na shimo pana la mchanga chini ya turubai la kijani. Kila nilipomkatalia mtoto nilimwonyesha kwa kidole. Nenda kule ucheze, nilisema, dada yako akishuka utamwona. Neno hilo, kule, lilinisaidia mimi kuliko lilivyomsaidia mtoto.

Basi siku moja mkurugenzi wetu alituita sote kwenye kibanda cha chakula. Alikuwa kijana mpole, wa kumsalimia kila mfanyakazi kabla hajaketi. Alitueleza kwamba kona ya watoto itaondolewa, na mahali pake patajengwa uwanja wa magari ya kugongana. Alisema watu hawafungi safari kutoka Busia na Kakamega waje kuona bembea. Bembea iko shuleni, iko kanisani. Bustani kubwa ni ya kitu ambacho mtu hakipati kwao. Tena, alisema, kuwaweka watoto wadogo karibu na mashine nzito ni kuitafuta hatari kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama kabla sijapanga la kusema.

"Nikishawakataza, Bwana Mkurugenzi, nitawaelekeza wapi?"

Alifikiri kidogo. "Kwa wazazi wao, Mama. Mtoto ni wa mzazi. Sisi kazi yetu ni mashine."

Niliketi. Kusema kweli nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Nilikuwa nimewaona watoto pale mchangani ambao hawakucheza hata kidogo. Waliketi ukingoni, nyuso juu, wakiifuata mashine kwa macho mpaka iliposimama. Isitoshe, mimi nimekulia Kaloleni, na hakuna mtu aliyetujengea kona yoyote. Tulisukuma tairi katikati ya nyumba mpaka tukaitwa kuoga. Sasa kwa nini mtoto wa leo apelekwe mahali pa mashine kubwa akachimbe mchanga?

Lakini nilipofika nyumbani, na mume wangu akasema maneno yaleyale ya mkurugenzi, nilimpinga kwa ukali. Alisema mzazi anayetaka mwanawe acheze amfungie tairi uani. Nikamuuliza, ua upi? Sisi wenyewe tumepanga, na uani kwetu pana kamba za nguo na gari la mwenye nyumba. Viwanja vya mitaa vimekwisha kujengwa. Tulibishana mpaka ugali ukapoa, na nilipokwenda kulala sikujua ni yupi kati yetu niliyetaka ashinde.

Kesho yake kona iling'olewa kabla ya saa sita mchana. Wakazungusha mabati, wakachimba mashimo ya msingi, wakasimamisha nondo. Tangu hapo nilipomwambia mtoto hapana, kidole changu kiliinuka chenyewe, kikaonyesha mabati, kikashuka. Wazazi wengi wana watoto wawili watatu, na mmoja akipanda lazima mtu amsubiri. Wadogo wakawa wanazurura baina ya miguu ya watu. Nami nikawa nawafuata kwa macho, mpaka mwenzangu aliyeiendesha mashine kutoka kwenye kibanda chake akanilalamikia kwamba foleni imepinda na sioni.

Jumatatu ya Pasaka watu walijaa. Mama mmoja mzee, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Luanda Kotieno, alikuja na wajukuu wake wawili wa kike. Nayajua haya kwa sababu alinieleza mwenyewe akiwa kwenye foleni. Alisema mkubwa amefanya vizuri shuleni na hii ndiyo zawadi yake, na mdogo amelia mpaka akaletwa. Mkubwa alilipita jicho la mbuta. Mdogo alifika kwenye pezi. Nilimwambia hapana kwa sauti ya upole niliyoitumia kwa wote. Hakulia. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akarudi kwa nyanya yake.

Mashine ilianza kuzunguka. Nyanya aliinua kichwa kumtazama mkubwa, na alipokiinamisha, mdogo hakuwepo.

Mwanzoni aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Halafu sauti ikapanda. Nilifunga lango, nikawaambia waliokuwa kwenye foleni wangoje, nikakimbia. Sikufikiri pa kwenda. Miguu ilinipeleka ziwani, kwa sababu waya wa upande ule una pengo ambalo wavuvi hupitia, na mbele yake ni matete, na kwenye matete viboko huja kula. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kutangulia. Nilimkuta ndani ya tope mpaka magotini, na viatu vyake vizuri, akiyasukuma matete huku na huku na kuita "nyathina, nyathina," yaani mwanangu. Tukaita pamoja. Upepo wa ziwa uliturudishia sauti zetu wenyewe, na mayowe ya wale waliokuwa juu kwenye mashine.

Kumbe kati ya mayowe yale, moja lilikuwa la yule dada. Alipofika juu aliona chini kila kitu: sisi tunaokimbia, nyanya anayezunguka mahali pamoja, na mdogo wake ndani ya ua wa mabati. Akapiga kelele kutuambia. Alishuka, akapandishwa tena, akapiga kelele tena. Lakini kila mtu juu pale alikuwa akipiga kelele, na nani angetofautisha? Alipofunguliwa mkanda aliruka akakimbia moja kwa moja kwenye mabati, akayapiga kwa viganja vyake viwili mpaka tukamsikia kutoka majini.

Wanaume waling'oa bati moja, kando ya mwanya mdogo aliojipenyeza. Mtoto alikuwa ameketi juu ya mchanga uliobaki, ule wa kona yetu ya zamani. Alikuwa amevua kiatu na anakijaza kwa mkono. Nyuma yake, karibu kiasi cha kumtisha mtu mzima, kulikuwa na shimo la msingi lenye maji ya mvua ya jana, na nondo zimesimama ndani yake. Mkurugenzi alimkaribia polepole, asimshtue, akambeba pamoja na kiatu kile kilichojaa mchanga.

Nyanya hakumgombeza mtoto wala sisi. Aliketi chini palepale, akampakata, akamfuta uso kwa ncha ya leso, mara ya kwanza, mara ya pili, ingawa uso haukuwa na kitu. Kisha akaniita nisogee.

"Mwanangu, ulimwambia hapana, na ilikuwa sawa, ni mdogo," alisema. "Lakini hakuna aliyemwambia aende wapi."

Mkurugenzi alikuwa amesimama kando yangu, maji yakimtiririka kutoka kwenye suruali. Alisikia. Alimpa nyanya pole, akamwinua, akatafuta gari la kuwapeleka mpaka stendi.

Sikulala vizuri siku zilizofuata. Nilikuwa nikifumba macho naona nondo. Kisha mkurugenzi aliniita tutembee naye kiwanjani. Magari ya kugongana yatajengwa, alisema, hilo halirudi nyuma. Lakini kona itarudi, upande wa pili wa mashine, mbali na waya wa ziwa. Itakuwa na ua mfupi ambao mzazi anaweza kuona juu yake, mlango mmoja tu, na viti ambavyo mtu akiketi anamwona aliye juu na aliye mchangani bila kugeuza shingo. Tulipima pamoja kwa macho. Mimi nikaketi chini, yeye akasimama, tukabadilishana.

"Sijabadilisha mawazo, Mama," aliniambia tulipomaliza. "Bado naona mtoto mdogo hana kazi hapa. Lakini wanakuja."

"Wanakuja," nikasema.

Niliomba nihamishiwe kwenye kona hiyo mpya, nikapewa. Nilidhani nitapata utulivu, kwa kuwa sasa sitamkataza mtu. Sikupata. Wazazi waliokuwa wakisimama na watoto wao sasa wananiachia na kwenda zao kwenye foleni kama waliofika shule ya chekechea. Mmoja akianguka nakimbia, na nikikimbia nawaza aliye karibu na mlango. Kanisani Jumapili najikuta nawahesabu watoto wa viti vya mbele, ambao si wangu. Zipo siku namwelewa mkurugenzi kuliko anavyojielewa mwenyewe. Nimemwomba mtu wa pili wa kunisaidia. Amesema ataona.

Juzi limekuja basi kutoka Vihiga, limejaa watoto wa chekechea, na hakuna hata mmoja aliyefikia kimo cha kupanda chochote. Mwenzangu wa langoni alimuuliza mwalimu wao kwa nini amewaleta. Mwalimu alisema walimwomba wenyewe. Walikuwa wamesikia kuna maji yasiyo na ng'ambo. Walisimama kwanza kwenye ua, wakilitazama ziwa. Halafu mmoja alikaa mchangani akaanza kuchimba ziwa lake mwenyewe, na wengine wakamfuata, wakabeba maji kwa vifuniko vya chupa mpaka mawingu yakaja kutoka upande wa Nandi na mwalimu akawaita waingie garini.