Sauti Iliyozunguka Jiji

Mtu akitaka kuuelewa mkoa ule asihangaike na ramani. Achukue tairi la gari, alilaze chini. Shimo la katikati ni jiji kuu, lenye serikali yake, askari wake na kiburi chake. Mpira wenyewe ndio mkoa. Kaskazini kuna milima na bwawa linalolinywesha jiji, na wanaoishi kando ya bwawa hilo hubeba ndoo kichwani huku mabomba makubwa yakiwapita miguuni. Kusini kuna machimbo yaliyotoa mawe ya maghorofa ya jiji. Mashariki kuna bustani za mboga. Magharibi, upande ambao upepo hauwafikii wakubwa, kuna tanuri za matofali na jalala. Kila kinacholiwa na jiji hutoka mkoani, na kila kinachoanza kunuka hurudishwa huko huko.

Kichekesho ni kwamba ofisi za mkoa zilikuwa jijini. Mkoa haukumiliki hata uchochoro mle ndani, lakini ulitawaliwa kutoka humo, kwenye ghorofa la kupanga juu ya duka la vitanda. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba mtu wa mashariki hana njia ya kwenda magharibi ila apite jijini, basi bora wote wakutane katikati. Hayo ni maelezo rasmi. Wenye macho walijua kuwa wakubwa wa mkoa walipenda kuutawala lakini hawakupenda kulala humo.

Katika ofisi hizo kulikuwa na bwana mmoja aliyeajiriwa kusema. Alikaa kiti cha mbele cha gari kuukuu lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, akazunguka wilaya zote akitangaza chanjo za mifugo, mikutano ya kata, maji kukatika na madaraja kufungwa. Kila tangazo alilianza kwa "Ndugu wananchi", na watu hawana dogo, wakambandika jina hilo hilo. Ndugu Wananchi alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, iliyojulikana kuliko sura yake, maana gari lilipita bila kusimama. Akisema maji yatakatika, watu walijaza madumu. Akisema daktari wa ng'ombe atakuja Jumanne, Jumanne ng'ombe walikutwa wamefungwa tayari. Watu wale walishadanganywa na kila aina ya mkubwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kusema siku moja alifuata neno la Ndugu Wananchi akakuta hewa. Mwenyewe alijivunia hilo kuliko mshahara, na mkewe alimtania kwamba hata nyumbani anaomba chumvi kana kwamba anaitangazia tarafa.

Jijini alikuwa bubu. Sheria za jiji zilikataza matangazo ya mkoa ndani ya mipaka yake, kwa hiyo kila walipofika kwenye kibao cha mpaka dereva alimwambia, "Haya mzee, funga bakuli." Akazima mashine. Walivuka jiji zima kimya, kwenye foleni, wakitazamwa na watu waliodhani ni gari la matangazo ya sabuni. Wakitokea upande wa pili, Ndugu Wananchi alikohoa kidogo, akaendelea alipoishia.

Mkewe alitokea magharibi, kwenye tanuri. Mama mkwe alikuwa mjane aliyejenga nyumba kwa matofali aliyoyachoma kwa mikono yake, vyumba vitatu na baraza, akapata kibali cha kata chenye muhuri. Kibali hicho alikitundika sebuleni pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Mkwe wake alimheshimu, naye akamheshimu mkwe maradufu. Gari likipita na sauti ikasikika, aliwanyamazisha wageni: "Hebu tulieni, mwanangu anasema."

Na kulikuwa na mdogo wake Ndugu Wananchi, Afisa Mipango wa mkoa, mwenye ofisi ya ghorofa ya juu na dirisha linaloona jiji lote. Wawili hawa walilala kitanda kimoja utotoni, wakavaa shati moja kwa zamu. Shule ilipowashinda wazazi kuwalipia wote, mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani. Hakuwahi kulalamika. Mdogo alipoapishwa ofisini, kaka alikaa safu ya nyuma akipiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Basi jiji likajaa, likaomba kumega kipande cha magharibi. Habari hizo zilifika kwenye tanuri kabla hazijafika gazetini. Mama mkwe hakuwa mtu wa kusubiri kuelezwa mara mbili. Aliuliza wanaojua, akaambiwa hivi: ukihamia jijini bila kuhama, kibali cha kata hakitambuliki tena, na nyumba isiyo na kibali cha jiji ni nyumba haramu. Lakini sheria ilitoa muda wa kuweka pingamizi. Wakazi wakienda wilayani wote, ndani ya muda huo, wakataka vibali vyao vilindwe kabla mpaka haujasogezwa, jiji litalazimika kuwasikiliza. Muda ukipita, yamepita. Mama mkwe akazunguka mlango kwa mlango, akapata watu wa kujaza lori la matofali, na mwenye lori akakubali kuwapeleka Jumatatu.

Ijumaa iliyotangulia Jumatatu hiyo, Afisa Mipango alimwita kaka ofisini, akafunga mlango, akalaza simu yake mezani kifudifudi, akampa karatasi.

"Kaka, watu wa magharibi wana wasiwasi bure. Kawatulize. Lakini nisomee kwanza hapa, nisikie linavyokaa."

Kaka akakohoa kidogo, akasoma. "Ndugu wananchi wa ukanda wa mpakani. Mpaka utasogea, lakini nyumba hazitasogea. Vibali vyenu vyote vitatambuliwa. Hakuna atakayehamishwa. Hakuna haja ya kuweka pingamizi."

Alipomaliza hakuikunja karatasi. "Hili ni kweli? Maana huko ndiko kwa mama mkwe."

"Kaka!" Mdogo mtu akamshika bega. "Mimi nikudanganye wewe?"

Swali hilo lilimtia aibu aliyeuliza. Akaondoka akijilaumu kwa kumshuku damu yake mwenyewe, na siku hiyo alitangaza kuliko alivyowahi kutangaza. Alisoma kwa moyo, kila uchochoro, mpaka dereva akamwambia apunguze, betri itakufa. Kwa mama mkwe aliteremka kabisa, akarudia kwa mdomo, amesimama barazani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia majirani. "Kama mkwe wangu ndiye aliyesema, mimi sina safari ya Jumatatu." Lori likaenda kupakia matofali kama kawaida yake.

Muda wa pingamizi ukapita. Mpaka ukasogezwa, kibao kikang'olewa na kuchimbiwa upande wa pili wa jalala. Wiki chache baadaye askari wa jiji wakaja na makopo ya rangi nyekundu, wakapiga alama ya mkasi kwenye kuta. Watu walipotoa vibali vyao, askari walivitazama kwa adabu. "Hivi ni vya mkoa, mama. Hapa ni jijini."

Ndugu Wananchi alipofika, tingatinga lilishamaliza upande wa baraza. Mama mkwe alikuwa uani, amekaa juu ya kitanda chake kilichotolewa nje, kibali mapajani bado kikiwa kwenye fremu. Majirani walimtazama mkwe yule, wakatazama pembeni. Hakuna aliyemtukana, na hiyo ndiyo iliyomkata maini.

"Mwanangu," mama alisema, "siku ile ulisoma vizuri, au ulikosea mahali?"

"Nilisoma kama ilivyoandikwa, mama."

"Basi mimi ndiye niliyesikia vibaya. Masikio yangu ya uzee haya."

Angempiga kofi angemsaidia. Alitaka amwambie hapana, mama, ulisikia sawasawa, nimekuuza mimi. Mkewe, aliyekuwa akifunga vyombo kwenye shuka, hakunyanyua kichwa.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Basi aliyejua ni nani?"

Alitoka pale na vumbi lake la matofali mpaka ghorofa ya juu. Mdogo wake alikuwa akipanga vitabu ndani ya maboksi. Jiji lilikuwa limempa kazi, Idara ya Mipango Miji, na gari lenye dereva.

"Ulijua?" kaka aliuliza, bado amesimama mlangoni.

Afisa Mipango hakujifanya haelewi. Hilo angalau. "Nilijua."

"Na hukuniambia. Mimi."

"Kaka, ningekuambia, ungesomaje? Wewe huwezi kudanganya. Tangu utoto, ukivunja kikombe uso wako ndio wa kwanza kukusema. Ile sauti ingetetemeka, na watu wale wanaijua sauti yako kuliko wanavyozijua zao. Tulihitaji mtu anayeamini anachokisema."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayemsifu mwenzake, na huenda moyoni alidhani anamsifu. Miaka yote Ndugu Wananchi alidhani ukweli wake ni wake. Kumbe mdogo wake aliutazama siku zote akauona kama chombo cha nyumbani, kitu cha kuazima siku ya shughuli. Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka na mtu aliyevaa naye shati moja.

"Mama mkwe yuko nje, kwenye vumbi."

"Nitamtafutia chumba."

"Usimtafutie kitu." Sauti ilimtoka ndogo, hakuitambua. "Na karatasi yako sisomi tena. Ya kwako wala ya atakayekuja baada yako."

"Sawa, kaka. Pumzika. Hatutakusumbua tena."

Alikubaliwa haraka mno, lakini machungu humfanya mtu asione hata la mchana kweupe.

Mama mkwe akahamia kwao, akalala chumba cha watoto, akawa anaomba radhi kila akitumia maji. Mkewe alimsemesha mumewe mambo ya lazima tu: gesi imeisha, funga dirisha. Ndugu Wananchi alishinda nyumbani akitazama ukuta, mpaka siku ile muuza mkaa aliposema kwamba sasa jiji limetupa jicho mashariki, kwenye bustani za mboga, na kwamba watu wa huko wanakusanyika kwenda wilayani kuweka pingamizi.

Alisimama kabla muuza mkaa hajamaliza. Kama kuna jambo moja duniani lililobaki ndani ya uwezo wake, ni hili: watu wa mashariki wasije wakakaa uani juu ya vitanda vyao. Mkewe alimkuta akitafuta viatu, akamuuliza anakwenda wapi.

"Mashariki. Kuwaambia waende."

Mkewe akaviona viatu chini ya meza, akamsogezea kwa mguu. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu, tangu siku ya tingatinga.

Alifika asubuhi, akiwa ametembea kutoka kituo cha mwisho kwa kuhofia kuchelewa. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye soko la jumla, wanawake wengi, wamevaa vizuri, vibali vyao ndani ya mifuko ya plastiki. Aliyekuwa akiwapanga ni mama mmoja muuza mchicha, mwenye mabega mapana na sauti ya kuamuru. Ndugu Wananchi alimwendea moja kwa moja, akihema.

"Dada, nendeni. Chochote mtakachoambiwa, msirudi nyuma. Sisi wa magharibi tulirudi, wakatubomolea."

"Tunakwenda, kaka. Kwani nani amesema hatuendi?"

Hapo ndipo gari lilipoingia sokoni. Alilijua kwa mlio wa injini kabla hajaligeukia. Kiti cha mbele hakikuwa na mtu. Dereva wake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama mtu anayepita makaburini. Kisha vipaza sauti vikakohoa kile kikohozi kidogo, na sauti nzito isiyo na haraka ikajaza soko zima.

"Ndugu wananchi wa ukanda wa mpakani. Mpaka utasogea, lakini nyumba hazitasogea..."

Akaikumbuka ile Ijumaa: nisomee kwanza hapa, nisikie linavyokaa. Mlango umefungwa, simu ya mdogo wake imelazwa mezani kifudifudi. Na ukanda wenyewe haukutajwa ni upi.

Soko lilikuwa limenyamaza. Wauzaji walizima redio, mtu akamfinya mtoto aliyekuwa akilia. Walisikiliza kwa heshima ile ile ya siku zote.

"Msimsikilize!" alipiga kelele. "Hiyo ni kanda! Ni sauti yangu, wameirekodi! Mimi ndiye Ndugu Wananchi!"

Watu waliokuwa karibu walicheka, si kwa ubaya. Mwanamume mmoja mwenye shati lililolowa jasho, sauti imekauka kwa mwendo, anadai kwamba yeye ndiye huyo anayenguruma juu ya paa la gari. Alifungua kinywa alitamke lile "Ndugu wananchi" kwa sauti yake halisi, wamsikie, walinganishe. Kilichotoka ni mkwaruzo.

"...Hakuna atakayehamishwa. Hakuna haja ya kuweka pingamizi."

Mama muuza mchicha alishusha pumzi. Akafungua mkoba wake, akarudisha ndani mfuko wa plastiki wenye kibali, akawapungia mkono wenzake waliokuwa wameshaanza kupanda basi la kwenda wilayani, wateremke. Kisha akamgeukia yule bwana aliyekuwa akihema mbele yake, akamshika mkono kwa huruma kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Pole, kaka. Naona yamekukuta makubwa huko kwenu. Lakini yule hajawahi kutudanganya hata siku moja." Akamvuta taratibu, akamsogeza karibu na gari. "Njoo hapa umsikilize vizuri. Anarudia."