Mzee Aliyetaka Kuwa Sungura wa Kumi na Tatu

Jumamosi moja asubuhi mzee nisiyemjua alibisha mlango wangu hapa Kayole, akaomba nimfanye sungura.

Nilikuwa na mswaki mdomoni.

"Wewe ndiye Aluoch wa kutengeneza migongo?"

"Ya sungura, mzee."

"Hiyo hiyo."

Aliitwa Muindi, mchongaji wa vinyago kutoka Kariobangi. Miaka arobaini ya kuinamia magogo ilikuwa imemmaliza mgongo. Hospitalini aliambiwa pingili mbili za uti ziunganishwe ziwe mfupa mmoja, kwa kipande kitakachokatwa kwenye nyonga yake.

"Nyonga pekee ndiyo haijawahi kuniuma," alisema. "Nasikia nyinyi mna unga."

Kweli tulikuwa nao. Nilihitimu mwaka juzi, nikapata mkataba kwenye maabara ndogo Industrial Area. Tulichoma maganda ya mayai, tukayasaga, tukaweka unga huo kati ya pingili za sungura kumi na wawili, badala ya mfupa. Maganda nilikusanya kwa wauza mayai boilo wa Spine Road. Niliamini yangeokoa watu.

"Sungura hawezi kusema panapomuuma," mzee akasema. "Mimi nitasema. Niandike wa kumi na tatu."

Nikamwambia haiwezekani, wanyama kwanza. Akafikiria.

"Basi niahidi. Matokeo yakitoka, uje mwenyewe uniambie yalivyo. Usiyapake vanishi."

Nikaahidi. Kisha, kwa huruma yangu, nikampa bosi nambari yake ya simu, siku moja asaidiwe.

Baada ya wiki nane sungura walidungwa sindano ya kutoamka. Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Kipimo chenyewe ni cha mikono. Unashika uti, unaukunja taratibu. Uti usipocheza, umeungana.

Bosi wangu, Dakta Njogu, alihesabu sungura wawili ambao uti wao ulicheza. Mimi tisa.

"Aluoch, una mikono mizito."

"Ndivyo nilivyohisi, daktari."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Ijumaa."

"Andika wawili, tutaongea Jumatatu."

Nikaandika tisa. Ijumaa mkataba ukaisha, na Jumatatu hatukuongea.

Nilienda Kariobangi siku hiyo hiyo. Nilimkuta Mzee Muindi amenyoa ndevu, amevaa koti, begi miguuni.

"Umenipata kwa bahati! Dakta wenu alinipigia. Kesho mimi ndiye mtu wa kwanza kuwekewa unga."

Nilitamani kuuliza tu habari za nyumbani, nirudi zangu.

"Mzee, kati ya sungura kumi na wawili, tisa unga haukushika."

Fundi wa jirani aliendelea kupiga msasa.

"Kwa hivyo nisiende."

"Usiende."

"Na huyo dakta anajua umekuja?"

"Kazi ilishaisha, mzee."

Akanitazama. "Ai, msichana. Umetunyima sote wawili: mimi unga, wewe kazi."

"Ndiyo, mzee."

Akafungua begi, akatoa nguo moja moja, akazitundika kwenye msumari. Hakusema asante, nami sikuitarajia. Alipojaribu kuinuka mgongo ulimkaza, nikamshika mkono. Tukasimama hivyo muda mrefu.

Wasee, marafiki zangu, ahadi hutolewa siku rahisi, hudaiwa siku ngumu. Mpelekee mtu ukweli kwa miguu yako mwenyewe, halafu usikimbie.