Ubeti wa Tatu Hushuka

Wiki iliyopita nilipanda milimani kwetu, Mgwashi, na kompyuta yenye programu tatu, kila moja ikijisifu kwamba inaiga vinanda vya umeme vya zamani. Usicheke. Kwaya ya bibi zetu ilikuwa imeombwa kuimba Jumapili ya mavuno, na bibi yangu alishasema wazi kwamba kwa kile kinanda kipya cha vijana haimbi. Aliwahi kujaribu, wakaachana njiani yeye na kinanda, watu wakacheka, na tangu siku hiyo akawa anakuja ibadani na kufunga mdomo. Iliniuma sana. Nilitaka nimsikie tena angali na pumzi.

Utotoni mwangu kanisa letu lilikuwa na kinanda kikubwa kama kabati. Umeme haukuwa umefika, na mwenye jenereta alikuwa jirani yetu, Mwislamu mkulima wa kabichi. Kila Jumapili alilileta nyuma ya kanisa, akakaa nalo kwenye ukungu amejifunika blanketi. Mwalimu wa kwaya aliwasha kinanda mapema ili kipate moto, nasi watoto tulisogea kunusa ile harufu ya vumbi linaloungua, mifuko imejaa plamu tulizokatazwa kuzigusa kabla ya baraka. Kilipoanza kunguruma, hata vioo vya madirisha viliitika.

Siku ya mavuno, baada ya ibada, ulifuata mnada: viazi, ndizi, jogoo aliyefungwa miguu akipinga kwa sauti zote. Kisha bibi alisonga bada, ugali wetu wa muhogo, na jirani alikula nasi huku akitaniwa kwamba yeye ndiye mzee wa kanisa pekee asiyebatizwa. Alicheka mpaka tonge likamshinda.

Basi, mbele ya bibi huyohuyo, nikaiweka kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa, yeye akichambua maharage. Programu ya kwanza ilitoa sauti safi, nyororo, haina hata mkwaruzo. Bibi hakuinua macho.

"Hiki kimeoga mno," akasema.

Ya pili ilikuwa na mikwaruzo ya kila aina, na mtetemo usiokoma.

"Hiki kina mafua. Kipe tangawizi."

Ya tatu ilipoanza, mikono yake ilisimama. Ilikuwa na ule mngurumo wa chini, na vidoko vidogo kila ufunguo unapobonyezwa. Akaanza kuimba wimbo wa mavuno, nami nikaingia naye. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa kabisa. Wa tatu, tukaachana na kompyuta vibaya sana.

Bibi akarudi kwenye maharage yake. "Nimezeeka, mjukuu wangu. Koo limekwisha. Waachie vijana."

Lakini koo langu mimi halijazeeka, mbona nami nilikuwa nimeshuka pamoja naye?

Hapo ndipo nilipomkumbuka jirani. Mtu mkarimu kwa kila kitu isipokuwa dizeli. Kinanda chetu kilikuwa na vigurudumu vya chuma ndani, vikizungushwa na mota; jenereta likilegea, navyo vinalegea, na wimbo mzima unazama. Jirani alikuwa akiona wimbo umeshika njia, kwenye ubeti wa tatu, anapunguza mafuta. Mwalimu wa kwaya alipolalamika, alijibiwa, "Mwalimu, Mungu anasikia hata chini." Nani angebisha? Tukajifunza wimbo hivyohivyo, na kushuka kwake. Tulipopelekwa kuimba katika kanisa la Shume, bila kinanda chochote, tulipofika ubeti wa tatu tukashuka wote kwa pamoja, wenyeji wakabaki kutazamana. Sisi tuliwaonea huruma kwamba wimbo hawaujui.

Nikapekua ile programu ya tatu. Kumbe mwendo wa mota unaweza kupunguzwa.

"Bibi, hebu tena."

Ubeti wa tatu ulipoanza, nikaushusha kwa kidole, taratibu. Sauti ikazama, na bibi akazama nayo, macho ameyafumba, maharage yanamwagika sakafuni asijali. Alipomaliza akapiga paja lake akacheka.

"Huyo! Kashaanza ubahili wake!"

Jumapili bibi wanne walisimama mbele. Zamani walijaa safu mbili. Kinanda kilishaliwa na mchwa, jenereta liliuzwa kama chuma chakavu, jirani tulimzika na mwalimu wa kwaya pia, na umeme wa siku hizi ukiwapo haujui kulegea kwa upole. Nilikaa nyuma ya nguzo na kompyuta yangu. Vijana walidhani nimeshika nafasi ya mwalimu wa kwaya, na mmoja akaniita mwalimu. Nikamwacha aamini hivyo. Ubeti wa tatu ulipokaribia nilimtazama bibi, nikaona wimbo umeshika njia, nikapunguza mafuta.