Mashine Itafungwa

“Siku zote?”

Hilo ndilo swali lililonishinda nikiwa kidato cha pili, nimesimama katikati ya darasa lililojaa hadi mlangoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama aliyehamishiwa Tarime kutoka Ruvuma, alikuwa ameandika ubaoni maneno manne: reason, excuse, justification, pretext. Sisi tuliyatafsiri yote kwa neno moja, sababu, tukaona kazi imekwisha.

Yeye hakukubali. Alimgeukia mwenzetu aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

“Kwa nini umechelewa?”

“Ng’ombe walitoroka, mwalimu.”

“Na Jumatatu iliyopita?”

“Walitoroka pia.”

“Ng’ombe wa kwenu wana ratiba kuliko shule hii.”

Tulipomaliza kucheka akatumia ng’ombe haohao kutufundisha. Kama kweli walitoroka, hiyo ni reason, jambo lililotokea. Akiwataja ili asiadhibiwe, ni excuse: anakubali kwamba amechelewa, anaomba tu lawama zipungue. Akibisha kwamba anayetafuta ng’ombe amefanya vizuri kuliko anayewahi shuleni, hiyo ni justification, maana huyo hata kosa halioni.

“Na pretext,” alisema, “ni sababu ya mbele inayofunika sababu ya nyuma. Inafunika nini?”

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. “Ubaya, mwalimu. Mtu hafichi jambo zuri.”

“Siku zote?”

Akaniambia niketi nalo.

Nilikuwa mtoto wa kuhoji kila kitu, na maneno yale niliyabeba kwenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa kisu kipya na sasa anatafuta cha kukata. Nyumbani vya kukata vilikuwepo. Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali na mdogo wangu mchanga wa kike, pamoja na kidonda cha upasuaji kilichokataa kufunga. Muuguzi alimwagiza alale tu, asiinue hata ndoo. Baba alikuwa fundi wa kuezeka. Aliondoka mapema kwenda mjini, na kazi za nyumbani zikawa zangu kabla na baada ya shule.

Bibi, mzaa mama, alikuja karibu kila siku alasiri. Lakini aliishia kwenye ua wa minyaa. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana, na mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe. Hilo nililijua tangu utoto. Kulijua hakukunizuia kulichukia.

Alisimama nje ya ua, beseni la mahindi kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Amekula?”

“Kidogo.”

“Kidonda?”

“Bado kinatoa maji.”

“Mtoto ananyonya?”

“Ananyonya mpaka anamchosha.”

Alitazama nyumba kidogo, kisha akanipa kibuyu. “Haya, niwahi. Mashine itafungwa.”

Kila siku ilikuwa hivyo. Kijijini kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga, mbele kidogo ya nyumba yetu, na yeye alikuwa ametembea zaidi ya saa moja kutoka kijiji chake. Nikaanza kuihesabu ile mashine kuwa adui yangu. Dakika tano kwa binti yake mgonjwa, halafu mashine itafungwa!

Siku moja mama alisikia sauti yake. Kitanda chake kilikuwa kona ya ndani, mbali na dirisha, akapaza sauti kwa shida: “Ni mama huyo? Mwambie asogee, hata nimwone tu.”

Bibi alisikia. Nilimwona amesikia. Akashika beseni lake kwa mikono yote miwili na kusema, “Mashine itafungwa.”

“Bibi,” nilimwambia, “hiyo mashine ndiyo uliyoizaa? Sema tu hutaki kumwona. Usisingizie mahindi.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama, akasema, “Umekua,” akageuka na kwenda zake.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Mama hakuniuliza nilimwambia nini mama yake, aligeukia ukuta. Uji niliompikia ulipoa ukaota ngozi. Alikunywa vijiko viwili kwa ajili ya mtoto, akarudisha bakuli. Maziwa yake yakaanza kupungua, na mdogo wangu akawa analia kilio kikavu ambacho mpaka leo nikikisikia kwa mtoto wa mtu mwingine nasimama.

Siku ya tatu baba alirudi mapema kutoka kazini akakuta bakuli limejaa.

“Mzee wa kule hajapita?” aliniuliza. Hivyo ndivyo alivyomtaja mkwewe, bila kumtaja.

“Hajapita.”

Aliingia chumbani, akaangalia juu, akaniita. “Shika mguu wa kitanda huo. Tunakihamishia dirishani.”

“Kwa nini?”

“Bati la kona hii linavuja. Mvua zikianza, kidonda kitalowa.”

“Si ulizibe?”

“Nitaliziba.”

“Lini, Tata?” nilimuuliza baba.

“Nikipata nafasi.”

“Unaezeka nyumba za watu huko mjini Bomani, ya kwako inavuja?”

“Mwanangu, shika mguu tuinue.”

Niliinua, na kichwani nikaandika: excuse. Kiangazi kilikuwa kikali, mvua ilikuwa mbali, na yule mwanaume aliona ni rahisi kuhamisha mgonjwa kuliko kupanda ngazi.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kuomba msamaha. Nilikuwa na sentensi tatu tayari. Nilipokaribia kwake nikasikia mngurumo, nikasimama. Ilikuwa mashine ya kusaga. Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, na mke wa mjomba alikuwa anatoka mlangoni pa mashine na beseni la unga, nyusi zimekuwa nyeupe.

“Hii mashine ni mpya?” nilimuuliza baada ya kumwamkia.

“Mpya wapi! Ilikuwepo kabla sijaolewa hapa.”

Bibi alikuwa ameipita mashine hii kila siku, mahindi kichwani, akaenda kutafuta nyingine zaidi ya saa moja mbele. Nilikuwa nimedhani mashine ni kisingizio cha kuondoka kwetu. Kumbe kilikuwa kisingizio cha kuja. Mama aliyemwoza binti, akionekana kila siku kwenye njia ya kwa mkwewe bila shughuli, watu wana la kusema: ng’ombe wa mahari hawakumtosha, sasa amefuata na ugali. Mwenye mahindi kichwani haulizwi kitu.

Nilimkuta anapukuchua maharage.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Hakuniita mke mwenzangu.

Niliketi. Zile sentensi tatu zilikuwa mdomoni, lakini niliona kwamba nikiomba msamaha itanibidi niseme wazi kile alichokifunika kwa uangalifu wiki zile zote. Nikachukua ganda la harage, nikalichezea.

“Bibi, mashine ya kwetu wameweka chekeche jipya. Siku hizi inasaga laini kuliko zote.”

Ulikuwa uongo mtupu. Na ile ya jirani ikaamua kunguruma wakati uleule, mpaka maharage yakawa yanatetemeka kwenye ungo. Bibi aliisikiliza ikimaliza. Akanitazama.

“Laini kiasi gani?”

“Kama poda ya mtoto.”

Alicheka mpaka akajishika ubavu. “Ewe mke mwenzangu! Basi Jumatatu nitakuja kuijaribu, nione kama shule inakufundisha kusema kweli.”

Jumatatu alikuja. Baba alikuwa kazini. Mama alimwona kwanza, kwa sababu sasa dirisha lilikuwa pale pembeni ya mto wake, akaita. Bibi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akapita nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nyuma ya nyumba siyo ndani. Alipindua kinu chini ya dirisha, akaketi juu yake. Mama akatoa mkono nje, bibi akaushika. Wakazungumza habari za mbuzi aliyezaa na za jirani aliyejenga choo kikubwa kuliko nyumba. Hawakusema lolote la maana, na mama alikunywa uji wote.

Bibi alikuja hivyo mpaka kidonda kikafunga. Mimi moyoni nililishukuru lile tundu la bati kama mtu anavyoshukuru bahati. Mvua zilipoanza nilikuwa nimehamia bweni, na kitanda kilibaki palepale dirishani.

Kila likizo nilimchokoza baba: “Tundu lako limepona?”

“Nitaliziba.”

Chuoni nilisoma vitabu vizima juu ya maneno kama yale ya ubaoni, nikajifunza kuyagawa hata kuliko mwalimu wangu alivyoyagawa. Baba nilimwacha kwenye fungu nililomweka, upande wa excuse. Sikuona haja ya kumhamisha.

Mwaka jana tulibadilisha bati za nyumba ile. Bibi alikuwa ameshatutoka. Baba hapandi tena ngazi, hivyo aliketi kivulini akiwasahihisha mafundi, nami nilikuwa chini napokea bati za zamani. Nilipofikiwa na lile la kona nikawaambia wasubiri. Nililiinua juu kwa mikono miwili, nikalielekeza kwenye jua la saa sita.

“Unatafuta nini?” baba aliniuliza.

“Tundu.”

Aliinama akaanza kufunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ukiacha alama za misumari, bati lile lilikuwa zima.