Kilio ya nyangumi kwa Maman Furaha

Bandugu, leo tumelilia nyangumi!

Mutoto wa jirani yangu, Maman Furaha, anatembezaka bazungu mu bwato kule Canada, banaangalia nyangumi. Asubui anapigia mama yake simu, mimi niko pale, machozi tu: "Maman, yule nilikuwa nangojea hayarudia. Banasema amekufa."

Mimi nikajua ni mukwe wake, muke ya ule mutoto. Mbio! Nikaita bamama, tukaleta viti, kilio ikaanza.

Kumbe ni nyangumi! Eti anamujuaka ku mukia, kila moya iko na madoa yake.

Nikatafuta mulango ya kutokea 😂

Mutoto akatuona mu video. "Maman, bale bote banamulilia?"

Maman Furaha akamujibu: "Hapana, mutoto wangu. Banakulilia weye. Uko peke yako kule."

Akacheka, akalia tena.

Hata mama moya hakusimama aende kwake.

Na weye, ungeenda?