Mamangu yuko edani, kila akisema "hapana" ami yangu anasema yuko upset

Wakuu, salaam kwenu. Nayaandika haya nikiwa na hasira, lakini hamna chumvi hata kidogo.

Babangu amefariki juzijuzi. Mamangu amekaa eda kwenye nyumba yao, Mji wa Kale. Kwa hivyo hatoki, na mwanamume asiye maharimu haingii kwake.

Ami yangu, nduguye baba, ndiye aliyejipa kazi ya kumsemea.

Mama hakula siku mbili. Ami: "Yuko upset."
Presha ikapanda, nikataka kumwita daktari. Ami: "Ni upset tu, itapita."
Mama akauliza ni nani wale wanaopima ukuta nje. Upset pia.

Mimi naishi Tononoka. Jana nilipitia sokoni Marikiti, nikafika na kikapu changu, namkuta ami barazani chini na dalali wa nyumba. Namsikia kwa masikio yangu: "Shemegi amekubali kuuza, ila yuko upset, tusimsumbue."

Nikapanda juu. "Mama, umekubali kuuza nyumba?"

"Nimemwambia sitaki. Mara tatu nimemwambia."

Fungu la ami katika mirathi hakuna anayemnyima, baba hakuacha mtoto ila mimi binti, na sheria naijua. Lakini eda haijaisha! Huyu mjane anatolewa aende wapi?

Nikafungua dirisha linaloelekea barazani, nikaacha pazia. Mama akasogea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemegi, mimi sina hiyo upset yako. N'na huzuni, mume wangu amekufa. N'na ndaa. Na nyumba siuzi. Hayo ni mambo matatu, usinitilie kapu moja."

Dalali, haki yake nimpe, alikunja futi yake akaomba radhi, akaenda zake.

Mama akala wali siku hiyo, sahani nzima.

Nilichojifunza: mjane aulizwe mwenyewe, hata kama ni nyuma ya pazia. Anayembebea maneno huenda anayamwaga njiani makusudi.

Usiku shangazi zangu wamenipigia simu mmoja baada ya mwengine. Hakuna aliyeuliza habari ya nyumba. Wote wameuliza kwa upole mbona siku hizi niko upset.

Niambieni wakuu, kwenu mwanamke akikataa, huitwaje?